Sheria ya Asili na Nakala

Nchi yenyewe haipo. Nasema mapema ili msomaji asianze kuwatazama majirani zake kwa jicho la kushuku. Nimeitafuta kwenye ramani, na kila nilipodhani nimeipata nikakuta ni nchi nyingine ya heshima zake, yenye serikali sikivu na umeme usiokatika. Kwa hiyo tukubaliane kuwa ni uzushi mtupu, halafu tuendelee kwa amani.

Katika nchi hiyo isiyokuwepo alitawala Mtukufu Taa ya Taifa. Jina alilopewa na mama yake lilifutwa kwa amri, kwa kuwa lilionekana kumhusu mtu mwingine. Siku moja, akiwa anakandwa miguu, alimsikia balozi mmoja akitaja Zama za Mwangaza: kwamba huko Ulaya, zamani za wafalme, watu waliamka wakaanza kuchunguza kila kitu kilichokuwa mbele ya macho yao. Maghala ya vitu vya ajabu yakafunguliwa, mawe, mifupa, vipepeo na vyungu vya watu wa kale vikapangwa kwenye makabati ya vioo, kisha raia wakaruhusiwa kuingia kutazama na kujifunza. Mtukufu aliinuka ghafla hadi beseni la maji likapinduka. Hakuumia kwa ajili ya mifupa wala vipepeo. Kilichomuuma ni kusikia kwamba kuliwahi kuwa na mwangaza, tena wa karne nzima, bila yeye kushirikishwa.

Akaamuru atafutwe msomi wa kwenda kuuchunguza. Aliyepatikana ni Mwalimu Chande Mkwaya, mwalimu wa historia wa sekondari, mtu mpole ambaye udhaifu wake mkubwa ulikuwa kupenda kusifiwa na wakubwa. Alikuwa na mke, Somoe, mshonaji wa nguo mwenye ulimi usiobembeleza mtu, na mabinti wawili pacha, Kulwa na Doto. Watoto hao walifanana kiasi kwamba baba yao mwenyewe aliwatofautisha kwa jambo moja tu: Kulwa alitumia mkono wa kulia, Doto wa kushoto. Na kwa kuwa ualimu haukumtoka hata akiwa nyumbani, Chande aliweka sheria kwamba mwenye swali anyooshe mkono kwanza. Basi wakati wa kula mikono miwili ilipanda kila mara, wa kulia wa huyu na wa kushoto wa yule. Baba, kwa nini mwezi unatufuata? Baba, samaki nao husinzia?

"Umeligeuza jamvi langu bunge," Somoe alikuwa akisema. "Tena afadhali bunge, kule kuna siku za mapumziko."

Chande alicheka kwa furaha. Mikono ile miwili ndiyo ilikuwa mali yake yote duniani, na habari hii yote ni habari ya mikono hiyo.

*

Huko Ulaya alizunguka kwenye majumba ya makumbusho mpaka viatu vikalegea. Siku moja alimwona bibi mwenye mvi, mwongozaji wa wageni, akiwatolea watoto wa shule mfupa mkubwa kutoka kabatini. Mfupa ukapita mkono kwa mkono, kila mtoto akauliza lake, na mara nyingine bibi yule alijibu kwamba hajui. Alisema hajui, mbele ya watoto, na hakuna aliyemkamata! Chande alitokwa na machozi pale pale. Aliona kuwa hiyo ndiyo elimu: mlango ulio wazi, kitu mkononi, swali mdomoni. Akaapa kuipeleka nyumbani.

Aliipeleka kweli. Balaa ni kwamba aliipeleka Ikulu kwanza.

Alihutubia kuanzia asubuhi mbele ya Mtukufu Taa ya Taifa na Jemedari Mapinda, Waziri wa Elimu. Jemedari alipewa wizara hiyo kwa sababu katika baraza zima ni yeye peke yake aliyewahi kuzingira shule. Chande alieleza juu ya milango wazi, Mtukufu akapiga miayo. Akaeleza juu ya maswali, Jemedari akaandika kitu na kukipigia mstari. Alipofika kwenye makabati ya vioo, wote wawili wakakaa sawa.

"Mwalimu," akasema Mtukufu, "ukiwa na vipepeo wengi wa aina moja, unafanyaje?"

"Aliye bora huwekwa kabatini, Mtukufu. Huyo huitwa asili. Waliobaki ni nakala."

"Na hizo nakala?"

Chande alilijua jibu. Kule alikotoka, nakala zilibadilishanwa na wasomi wengine, au zilipelekwa mashuleni watoto wazishike kwa mikono yao. Lakini alikuwa amesimama kwa muda mrefu, chai ilikuwa imeshaletwa na sambusa zilikuwa zinapoa mbele ya macho yake. Akajibu kwa mkato.

"Huondolewa tu, Mtukufu."

"Huondolewa," Mtukufu akarudia polepole. Akamtazama Jemedari, na Jemedari akatabasamu. Chande alikula sambusa tatu siku ile, akamsimulia mkewe kwamba hotuba ilipokelewa vizuri sana.

*

Sheria ilitangazwa redioni wiki hiyo hiyo, baada ya wimbo wa taifa na kabla ya matangazo ya vifo.

"Ndugu wananchi!" Mtukufu alinguruma. "Wenzetu walipata mwangaza wa karne moja. Mimi nimewaagizia wa karne mbili! Ujinga wetu unatokana na wingi wa vitu. Mtu mwenye mbuzi mia hamjui mbuzi, maana atamtazama yupi? Lakini taifa lenye mbuzi mmoja, kabatini, nyuma ya kioo, hilo linamjua mbuzi! Kuanzia leo, kitakachotangulia kuingia kabatini ndicho Asili. Vyote vinavyofanana nacho huko nje ni Nakala, na Nakala huondolewa. Asili hunyamaza. Kinachopiga kelele kwamba ndicho Asili, hicho kimejitaja chenyewe kuwa Nakala."

Kikajengwa kitu kinachoitwa Jumba la Mwangaza. Vioo vilitolewa kwenye madirisha ya shule zote nchini, na kila kabati likawekewa vioo viwili viwili ili elimu isivuje. Watoto waliobaki wakinyeshewa mvua madarasani waliambiwa wajivunie, maana sasa walikuwa wamekaribiana zaidi na mwangaza. Chande akateuliwa kuwa Mhifadhi Mkuu, akapewa nyumba yenye bustani na gari lenye kibendera.

Kabati la kwanza kabisa, katikati ya ukumbi, liliwekwa sanamu ya nta ya Mtukufu mwenyewe. Ilikuwa kazi ya ajabu. Ilikuwa na kope, kucha, na hata ile chunusi ya puani ambayo wapiga picha walikatazwa kuipiga. Vioo vyake vilikuwa vya kuzuia risasi. Ufunguo wake alikabidhiwa Chande kwa gwaride.

Kisha kazi ikaanza. Aliingia kabatini mbwa mmoja mweupe, na kwa siku kadhaa mji mzima ulisikia milio ya bunduki na vilio vya mbwa, mpaka kukawa kimya ambacho watu walishindwa kukizoea. Kikaingia kinu na mchi wake, askari wakapita nyumba kwa nyumba wakivunja vinu kwa mashoka, wanawake wakatwanga juu ya mawe. Akaingia mshona viatu, mzee mmoja aliyekuwa amekwenda pale kuomba kazi ya kufagia. Washona viatu wengine wote walikusanywa kwenye kiwanja cha mpira. Walipiga kelele kwamba wao ni mafundi halisi, wana vyeti, wana wateja.

"Nakala husema hivyo hivyo," Jemedari aliwajibu kwa upole, akateremsha mkono, na risasi zikamiminika huku bendi ikipiga. Damu ilifika hadi kwenye mstari wa goli. Jumamosi mechi ilichezwa kama kawaida, ila wachezaji walilalamika kwamba pembeni kunateleza, tena walicheza peku.

Chande hakuwa akila vizuri siku hizo. Alijiambia kwamba ataacha kazi mwezi ujao. Mwezi ukafika, akaletewa nishani. Alikuwa mwoga, na nishani ilikuwa nzuri, na mimi sitamtetea.

Halafu akaingia Bi Kidawa mkunga, yule yule aliyewapokea Kulwa na Doto mikononi mwake. Wakunga wengine waliondolewa nyuma ya hospitali kwa mapanga, kwa sababu risasi zilikuwa zimepungua baada ya mbwa. Kuanzia hapo wanawake wenye uchungu walibebwa hadi Jumba la Mwangaza, wakalazwa sakafuni mbele ya kabati wajifunze kwa kutazama. Bi Kidawa alikuwa akipiga vioo kwa viganja na kupaza sauti, mgeuze, mgeuze mtoto, kamba imemzonga! Mdomo ulionekana ukienda. Sauti haikupita. Wengi walifia pale, yeye akiwatazama.

Na kila Alhamisi wanafunzi waliletwa kwa mistari. Chande ndiye aliyetunga maelezo na mtihani, kwa mwandiko wake mzuri. Swali lilikuwa: Mkunga ni nini? Jibu sahihi lilikuwa: Ni kitu kilichomo kabatini. Mshona viatu ni nini? Ni kitu kilichomo kabatini. Ufaulu wa taifa ulipanda hadi ukawashangaza wataalamu.

*

Jemedari Mapinda alikuja kula pilau kwa Mhifadhi Mkuu siku ya Ijumaa. Watoto walikuwa wamefungiwa chumbani, lakini chumba kina mlango na watoto wana masikio. Walitoka wakasimama mbele ya mgeni, wakanyoosha mikono, Kulwa wa kulia, Doto wa kushoto.

"Shikamoo, Babu Jemedari," akasema Kulwa. "Tuna swali."

"Marahaba. Semeni."

"Mkunga akiwa kabatini," akasema Doto, "na mama akaumwa, nani atamsaidia?"

Jemedari hakulisikia swali. Alikuwa ameduwaa akiitazama ile mikono iliyopanda kama ya mtu na kioo chake. Akaweka kijiko chini.

"Mwalimu, hawa ni wangapi?"

"Wawili, Jemedari," Chande akasema.

"Mimi namwona mmoja, na mwingine." Akajipangusa mdomo. "Unajua, tumehangaika na mbwa na vinu, kumbe nakala za wazi kabisa zinazaliwa majumbani mwetu, tena siku ile ile, mama yule yule. Hii ni dharau kwa Mwangaza."

Kesho yake redio ikatangaza Siku ya Kuchambua Pacha. Kila pacha nchini, awe kichanga au kikongwe, afikishwe ukumbini. Mmoja atabaki, mmoja ataondolewa. Serikali si katili, mtangazaji alieleza, kwa hiyo mzazi ataruhusiwa kuchagua mwenyewe. Familia ya Mhifadhi Mkuu itapewa heshima ya kuchagua mbele ya Mtukufu Taa ya Taifa.

Somoe alizima redio. Hakulia. Alimtazama mumewe kama anayetazama kitambaa kilichokatwa vibaya.

"Baba Kulwa, wewe ndiye uliyewaambia huondolewa."

"Nilisema vipepeo, mke wangu! Nilisema vipepeo!"

"Ukawaacha waondoe mbwa. Ukawaacha waondoe watu. Bi Kidawa kawatoa hawa tumboni mwangu, umemwandikia kibao cha kabatini kwa mwandiko wa kupendeza. Sasa nenda kawaambie wanangu yupi ni nakala. Nenda, chumbani wapo, wanakusubiri uwasimulie hadithi."

Hakwenda. Alikwenda kwa Jemedari badala yake, akapiga magoti kwenye zulia, akaomba. Jemedari alimwinua kwa heshima zote.

"Sielewi unalia nini. Watu wanakuitaje mtaani?"

"Baba Kulwa."

"Basi si umeshachagua siku nyingi?" Jemedari akampigapiga begani. "Ningekuwa na wazazi kumi kama wewe!"

Nchi nzima wazazi walihaha. Wapo waliodhani watawaponya watoto kwa kuwatofautisha. Mtoto mmoja akachomwa shavu kwa pasi, mwingine akakatwa sikio, mwingine akatiwa upofu wa jicho moja na baba aliyekuwa akilia kuliko yeye. Somoe naye alikuwa ameshaweka kisu kwenye mkaa, Doto akiwa amekaa mbele yake ametulia, kwa sababu alikuwa ameambiwa ni dawa. Kisu kilikuwa kimeanza kuwa chekundu redio ilipotoa shukrani za Jemedari kwa raia wema walioisaidia serikali kwa kuzitia alama Nakala wao wenyewe. Zitaondolewa kwanza, akasema, maana hazina utata. Somoe alikitupa kisu bustanini akamkumbatia mtoto kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika kwamba anaumia.

*

Siku ya Kuchambua ilianza kwa sala na ngoma. Mtukufu Taa ya Taifa aliketi kwenye kiti cha dhahabu mbele ya kabati la sanamu yake, feni likimpepea. Askari wenye mapanga walisimama kulia, wenye ndoo na vumbi la mbao walisimama kushoto.

Pacha wenye alama waliondolewa asubuhi. Sitaeleza. Vumbi la mbao liliisha mapema, wakaenda kuleta mchanga.

Kisha wakaletwa wazee wawili, ndugu, wahunzi wa kijiji kimoja, wenye mvi zinazofanana na magongo yanayofanana. Wazazi wao walikuwa wamekufa zamani, wakaambiwa wachague wenyewe.

"Nakala ni mimi," akasema mmoja.

"Mwongo huyu," akasema mwenzake. "Tangu utotoni mwongo. Nakala ni mimi. Yeye ana wajukuu."

"Na wewe una mguu mbovu, nani atakubeba nikifa mimi? Afande, nikate mimi."

Walibishana hivyo, wakaanza kusukumana kwa magongo, kila mmoja akijitupa mbele ya panga. Jemedari alichanganyikiwa, akawaondoa wote wawili ili takwimu zisisumbue. Walianguka pamoja, na mkono wa mmoja ukabaki juu ya kifua cha mwingine, hata askari hawakujua ni wa nani.

"Mhifadhi Mkuu!" Jemedari akaita.

Chande akasimama katikati ya ukumbi na mabinti zake, mmoja kila upande. Miguu yao ilikuwa imekanyaga ile damu. Somoe alishikiliwa na askari mlangoni. Doto akanyoosha mkono wa kushoto, kama alivyofundishwa.

"Baba, nina swali. Nakala ni nani kati yetu?"

Chande akainua macho ili asimtazame mtoto. Ndipo alipowaona Watukufu wawili, mmoja mbele ya mwenzake. Aliyeketi alikuwa akitoka jasho na kupiga miayo. Wa nta, nyuma yake, alikuwa mkavu, ametulia, amenyamaza. Chande aliwahi kuwapangusa vumbi wote wawili kwa nyakati tofauti, na hata siku moja hakuwa amewaza alichowaza sasa.

"Jemedari," akasema, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe kwa utulivu. "Kabla ya kuwachambua watoto wangu, mimi kama Mhifadhi Mkuu sina budi kutaja kasoro moja humu ukumbini. Sheria inasema kilichotangulia kuingia kabatini ndicho Asili. Kabati la kwanza ni lile pale. Asili wa Mtukufu Taa ya Taifa yumo ndani, na ninao ufunguo wake. Sasa naomba kuuliza, huyu aliyekaa nje ni nani?"

Feni lilisikika likizunguka.

"Mwendawazimu!" Mtukufu akafoka akisimama. "Mimi ni mimi! Mimi ndiye Taa ya Taifa halisi! Kamata huyu!"

Askari waliangaliana. Walikuwa wamekaririshwa sheria ile asubuhi na jioni, na hawakuwa wamefundishwa kitu kingine. Asili hunyamaza. Huyu alikuwa akipiga kelele. Wakamtazama Jemedari Mapinda, naye Jemedari alikuwa mtu wa kufuata sheria, hasa sheria ikielekea anakoelekea yeye. Akamtazama wa nta. Akamtazama wa jasho.

"Nakala husema hivyo hivyo," akasema kwa masikitiko.

Panga la kwanza lilimpata Mtukufu begani, akashangaa kuliko alivyoumia. La pili likamkata kauli. Alikimbilia kabati lake akalikumbatia, akikwaruza vioo kwa kucha, na waliobaki wakamkatia hapo hapo, mpaka damu ikatiririka juu ya kioo na sura ya nta ikaonekana nyekundu kwa nyuma, bado imetulia. Bendi ilikuwa haijaambiwa kitu, ikapiga wimbo wa taifa. Wote wakasimama wima, hata Chande.

Wimbo ulipokwisha, Jemedari alijipangusa mikono.

"Haya. Tuendelee na pacha."

"Lakini amekufa!" Chande akapiga kelele.

"Nakala imekufa. Asili yupo, na hajaifuta sheria."

*

Chande hakuwaza zaidi. Alichomoa ufunguo, akafungua kabati, akaweka sikio lake kwenye mdomo wa nta. Ulinukia mishumaa. Ukumbi mzima ulikodoa macho.

"Amesema," akatangaza, "pacha ni kitu kimoja kilichozaliwa mara mbili. Si nakala. Waachwe."

Jemedari akasogea haraka. "Hebu nami nisikie."

"Karibu, Jemedari. Lakini mimi nimetangulia kumsikia. Msikilizaji wa pili atakuwa nakala ya wa kwanza."

Sikio la Jemedari lilikuwa limeshafika karibu kabisa na nta. Akalirudisha taratibu, kama mtu aliyesogeza uso kwenye sufuria akakuta mvuke. Askari wenye mapanga walikuwa wakimtazama, nao walikuwa wamepata mazoea. Chande aliona ameshinda. Akawanyooshea mabinti zake mikono kwa furaha.

Jemedari akatabasamu.

"Basi wewe ndiwe Asili wa Wasikilizaji," akasema. "Hongera sana. Na Asili hukaa wapi?"

Hakuna aliyemsukuma. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa kabati, na mapanga yalikuwa mbele yake, na watoto wake walikuwa kati yake na mapanga. Kulwa alinyoosha mkono wa kulia.

"Baba, kweli amesema?"

"Kweli, mama," Chande akasema. "Nendeni kwa mama yenu. Nendeni upesi, msitazame nyuma."

Akawasubiri mpaka walipofika kwa Somoe mlangoni, na Somoe akawafunika wote wawili kwa kanga yake. Halafu akarudi nyuma hatua moja, akaegemea nta. Jemedari akafunga, ufunguo akautia mfukoni.

*

Sasa mambo ni shwari. Kila asubuhi Chande anapaza sauti ndani ya kabati lile, anasema Asili ameifuta sheria yote, afunguliwe Bi Kidawa, vioo virudishwe mashuleni. Anarudia mpaka koo linakauka. Kila asubuhi Jemedari Mapinda husimama upande wa pili, mkono sikioni, akiitikia kwa kichwa kwa adabu kubwa, kisha huenda redioni kulitangazia taifa alichosema Msikilizaji. Ndani hakusikiki redio. Kwa hiyo Chande hajui anasema nini siku hizi.

Chakula hupitishwa kwenye tundu la juu. Wa nta hali, na hilo husaidia.

Alhamisi ndiyo siku yake. Wanafunzi huingia kwa mistari, na katika mstari wa tatu hivi huwamo mabinti zake. Hawaruhusiwi kusogea. Lakini wakifika usawa wa kabati, wawili hao hunyoosha mikono, mmoja wa kulia, mmoja wa kushoto, kama wenye swali. Chande huwaitikia kwa kichwa, zamu ya huyu, zamu ya yule, kisha mstari husonga. Kwa ajili ya hilo hula, hulala na huamka.

Alhamisi iliyopita alikuja mmoja.

Chande alidhani mwingine amefichwa na mrefu aliyekuwa mbele. Akahesabu mstari, akauhesabu tena. Akasogeza uso kwenye kioo ajue ni yupi kati yao, Kulwa au Doto, lakini pumzi zake zilikifunika kioo kwa ukungu. Akaufuta kwa kiganja, ukarudi. Nyoosha mkono, mwanangu, akapiga kelele, nyoosha nikujue, wowote ule! Akapiga vioo kwa ngumi mpaka vidole vikapasuka.

Mwalimu wa zamu akawageukia wanafunzi akasoma maelezo, yale yale aliyoyatunga Chande kwa mwandiko wake, kwamba kielelezo hiki mara nyingine huchezacheza na wasiogope. Kisha akauliza swali. Chande hakulisikia, ila alilijua. Mikono ya darasa zima ikapanda kujibu.

Yule mtoto peke yake alibaki ameiweka mikono yote miwili nyuma ya mgongo.